Mwaka Tuliomuoa Nyangeta

Mwezi uliopita nilikwenda Butiama kumzika mke wangu. Najua kuna mtu ataisoma sentensi hiyo mara mbili, aisome tu. Mimi ni mwanamke, nimezaa saba, nina wajukuu wengi kuliko meno, na nilikuwa na mke. Jina lake Nyangeta. Tulimuoa wanawake kumi na mmoja kwa pamoja, kwa ng'ombe tisa, kijijini karibu na Mugeta, mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na tisa na mtoto wa kwanza mgongoni. Wenzangu kumi wameshakufa wote. Kati ya waume wa Nyangeta nimebaki mimi Wakuru peke yangu, ndiyo maana simu ililia kwangu.

Aliyepiga ni Wegesa, binti mkubwa wa Nyangeta. Hakulia. Alisema kama mtu aliyebanwa na kazi. "Shikamoo mama. Mama amefariki. Watu wa ukoo wa marehemu Nyasatu, mwenyekiti wenu, wameshafika toka Mugeta, wamekuja na gari kabisa. Wanasema mwili ni wao, ng'ombe zilitolewa. Na mama alisema azikwe hapahapa Butiama, kwenye kiwanja chake alichonunua kwa kuuza dagaa. Alisema hata akifa hataki kurudi kule." Kisha akaongeza, "Wewe ndiye uliyebaki, mama. Wewe ndiye mume. Njoo uwaambie wamwache." Nikamwambia nakuja. Nikakata simu, nikabaki nimekaa kitandani na kiatu kimoja mguuni. Neno hilo, mume, lilikuwa halijatamkwa mbele yangu miaka mingi, na nitasema kweli, lilinipendeza.

Kwa wasioijua mila yetu niieleze. Huku Mara mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaruhusiwaga kuoa. Anatoa ng'ombe, analeta binti nyumbani kwake, binti anatafutiwa mwanaume wa kuzaa naye, na watoto wanaitwa wa yule mwanamke aliyetoa ng'ombe. Wenyewe tunaita nyumba ntobhu. Hakuna jambo lingine ndani yake, na wenye mawazo machafu wakae nayo. Ni njia ya kufanya nyumba ya mwanamke isifutike. Mjukuu wangu Neema, anayefanya kazi Musoma kwenye ofisi moja ya kutetea wanawake, alipoisikia mara ya kwanza aliandika haraka kwenye daftari kama mtu aliyeokota dhahabu. Ni yeye aliyekuwa ananisumbua: "Bibi, harakati za wanawake huku kwetu zilianzaje?" Anadhani zilianza na semina, na chai ya saa nne, na fulana zenye maandishi mgongoni. Nikamwambia zilianza ndani ya ghala la pamba, nami nilikuwemo. Akataka niandike. Basi ninaandika, kwa mkono huu uliojifunza kuandika ndani ya ghala hilohilo, maana shuleni nilifika darasa la pili tu, nikatolewa niende kulea watoto wa kaka yangu.

Ghala lilikuwa la ushirika, la mabati, halina dirisha ila moja dogo upande wa mashariki. Wakati wa msimu lilijaa pamba hadi juu, na msimu ukiisha ilibaki harufu ya mbegu na vumbi jeupe ambalo lilitukalia kwenye nyusi tukafanana na vikongwe. Humo ndimo alimotukusanya Bi Perpetua, bibi maendeleo kutoka Bunda. Alikuja na pikipiki, amevaa suruali. Siku ya kwanza hatukumsikiliza hata neno moja, tulikuwa tunaitazama suruali. Nyasatu ndiye aliyeuliza kwa niaba yetu: "Dada, hivi ukitaka kujisaidia njiani unafanyaje?" Bi Perpetua akacheka hadi akashika ukuta, na kutoka siku ile akawa wetu. Alitufundisha kusoma mchana, baada ya shamba, tumekaa juu ya magunia matupu. Alitufundisha kupiga kura kwa kunyoosha mkono. Alitusomea kwamba serikali imetoa sheria mpya ya ndoa, kwamba msichana asiozwe bila kukubali mwenyewe. "Mwanamke si mali," alisema, akatutaka turudie, tukarudia kwa pamoja kama watoto wa katekisimu. Sabina, aliyekuwa anakaa karibu nami, akaninong'oneza, "Mwambie akaseme hivyo kwa mume wangu, mimi nimeshakubali."

Nyasatu tulimchagua mwenyekiti. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na mtoto aliyezaa ni mmoja tu, wa kike, akafa mdogo. Shamba la pamba la kikundi lilikuwa wazo lake. Mashine ya kusaga ndiyo ilikuwa ndoto yetu sote. Watoto wa leo hawajui jiwe. Unapiga magoti asubuhi na mapema, unasaga mtama na muhogo mkavu, unga unatoka kidogokidogo kama unakuonea huruma, na kabla hujainuka umeshasikia mtu anauliza uji. Magoti yetu yalikuwa na ngozi ngumu kama ya ng'ombe mzee. Bi Perpetua alisema, "Mama anayesaga nusu ya siku atahudhuria mkutano saa ngapi?" Sabina akajibu, "Mume wangu hasagi, na mkutanoni analala." Tulicheka, lakini tulilima kwa ajili ya mashine ile. Misimu miwili tulilima, tukachuma, tukachambua, na fedha Bi Perpetua akatuwekea Bunda. Iliyobaki kufikia bei ya mashine ilikuwa kidogo tu.

Nyangeta alikuwa binti wa Machota, jirani yangu. Miaka kumi na sita, yuko darasa la saba, mwembamba, ana macho ya kukusahihisha kabla hujakosea. Alikujaga ghalani baada ya shule, akapanda kwenye kizingiti cha lile dirisha dogo, miguu nje kichwa ndani, akatucheka tukitamka vibaya. Bi Perpetua akamwingiza ndani, akamfanya karani. Ndiye aliyeandika mahudhurio na maamuzi ya kikundi, ndiye aliyenishika mkono nikaandika jina langu. Herufi ya kwanza ilichukua mchana mzima. "Dada Wakuru," aliniambia, "usiikamate kalamu kama unachinja kuku." Nilimpenda na nilimwonea wivu, vyote viwili kwa wakati mmoja, kama unavyoweza kuhisi njaa na kichefuchefu. Alitaka sekondari ya wasichana, Musoma. Aliwahi kwenda mjini mara moja na mjomba wake, akawaona wale wasichana na sketi zao wamekaa kwenye mawe karibu na ziwa, wanasoma. Alilizungumzia jambo hilo kama mwingine anavyozungumzia harusi yake.

Baada ya kuuza pamba ya msimu wa pili ndipo tukasikia kwamba Machota amempatia mume. Mzee mmoja wa upande wa Bunda, ana wake wawili na zizi linalonuka hadi barabarani. Nyangeta alikuja ghalani siku ya mkutano, akasimama mbele yetu, hakulia wala kupiga magoti. Alisema, "Mlirudia wenyewe kwamba mwanamke si mali. Niliandika kwenye daftari. Nisaidieni." Tukaenda kwa Machota wote kumi na mmoja pamoja na Bi Perpetua na karatasi yake ya sheria. Machota alikuwa uani anakula, ugali wa mtama na samaki furu wa kukaanga, na hakuacha kula. Alisikiliza sheria mpaka mwisho akitoa miiba mdomoni mmoja mmoja. Kisha akasema, "Mama, nimekuelewa vizuri. Sasa hiyo karatasi inakamuliwa?" Wanaume waliokuwepo wakavunjika mbavu. Akaendelea, sasa bila utani: "Nina vijana wawili wanataka kuoa, nitawaozea nini? Mnamtaka huyu binti asiende? Leteni ng'ombe tisa kama anavyoleta mwenzenu."

Alisema kwa dharau, alijua hatuna. Lakini nilimwona Nyasatu anabadilika uso, kama mtu aliyeguswa bega na mtu asiyeonekana. "Tisa?" aliuliza. "Tisa," alisema Machota. "Tutaleta," alisema Nyasatu. "Mimi sina mtoto wa kiume. Nina haki ya kuoa, na wewe huna haki ya kunikataa. Wenzangu watanichangia. Tunamuoa sisi." Machota akasahau samaki mkononi. Huwezi kumkataa mwanamke anayeoa nyumba ntobhu, mila ni yao wenyewe, wameitunza wenyewe. Tulitoka pale tunakimbia kama wasichana. Njiani tulikuwa tunapigana mabega na kucheka, tumewakamata kwa kamba yao. Bi Perpetua alilia kwa furaha. Alisema ataandika taarifa, akaiandika, na ninasikia iko mahali fulani Musoma kwenye kabati mpaka leo, Neema ameiona, inasema kikundi cha akina mama kilimkomboa mwanafunzi kwa kutumia mila. Fedha za mashine zikageuka ng'ombe. Hakuna aliyepinga. Hilo niliseme kwa fahari, kwa sababu baadaye fahari itapungua: wanawake waliosaga kwa magoti waliuza mashine yao kwa ajili ya mtoto wa mtu mwingine, na hakuna hata mmoja aliyenung'unika siku ile.

Ng'ombe niliwaswaga mimi, pamoja na Sabina, kutoka mnadani hadi kwa Machota, mtoto wangu mgongoni. Wenzetu walitupokea njiani na vigelegele. Siku hiyo tulikula kwa Nyasatu, ndani ya nyumba yake ya udongo iliyopakwa majivu, nyeupe ndani kama yai. Palichinjwa jogoo, na firigisi, ambayo kwetu mwanamke haigusi, Nyasatu akaiweka katikati. "Sisi si ni waume?" alisema. "Basi." Akaikata vipande kumi na kimoja, vidogo kama punje za mahindi, tukala kila mtu chake tukiwa tumefumba macho, halafu tukatazamana kama kuna atakayeota ndevu. Nyangeta alicheka pamoja nasi. Kisha akauliza, bado anacheka, "Sasa mimi ni wa nani kati yenu?" Tukajibu kwa kelele, "Wa wote!" Tulidhani tumejibu vizuri sana.

Mwalimu mkuu alitaka kumfukuza shule, kwa kuwa msichana aliyeolewa hasomi. Nyasatu akamfuata ofisini. "Kaolewa na nani?" "Na sisi." "Ninyi kina nani?" "Mimi na hawa." Mwalimu akatutazama mlangoni tulivyojipanga, akauliza ni nani kati yetu atakayempa mimba, akacheka mwenyewe, akamrudisha darasani. Kwa hiyo alifanya mtihani. Nikifika hapa katika kukumbuka huwa natamani kusimama. Kama mwaka ule ungeishia pale, ningekuwa mwanamke anayealikwa kwenye semina akapewa maji ya chupa na makofi.

Sabina ndiye aliyeanza, na hakuwa na ubaya. Mama mkwe wake aliugua, akamwomba Nyangeta amsaidie kusaga siku mbili. Nyangeta akaenda. Wiki iliyofuata mwingine akasema na yeye ana wageni. Halafu mwingine akasema, bila kuomba msamaha, kwamba kama siyo Nyangeta tungekuwa na mashine, kwa hiyo si vibaya akitusaidia jiwe kidogo. Neno hilo lilikaa ghalani kama harufu. Kila mtu akalivuta. Shule ilikuwa imefungwa, mtihani umekwisha, binti anasubiri majibu, anakula kwa Nyasatu, kwa nini asisage? Ili pasiwe na upendeleo, tukapanga zamu za asubuhi na jioni, nyumba kumi na moja. Ratiba iliandikwa kwa chaki kwenye ukuta wa ghala, kwa mwandiko mzuri, mistari imenyooka. Aliiandika Nyangeta. Ndiye aliyekuwa karani.

Zamu yangu ilikuwa Alhamisi asubuhi. Alifika mapema, akavua kanga ya juu, akapiga magoti kwenye jiwe langu. Mara ya kwanza nilisimama karibu naye, naona aibu, najifanya kupanga kuni. Mara ya pili nilikaa. Nilikaa kwenye kigoda cha mume wangu, mlangoni, naota jua miguuni, mtoto ananyonya, na nyuma yangu nikawa nasikia jiwe linasaga bila mimi. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile. Nilielewa wanaume asubuhi ile. Sikuwasamehe, ila niliwaelewa hadi kwenye mfupa. Mara ya tatu nilimwambia unga ni mnene, asage tena. Alirudia. Kabla ya hapo alikuwa ananiita dada Wakuru. Siku ile alisema, "Ndiyo, mama."

Majibu yalikuja wakati mvua za kupandia zilikuwa zimeshaanza. Bi Perpetua ndiye aliyeileta barua kutoka Bunda, pikipiki imejaa matope, anapiga honi toka mbali. Nyangeta amechaguliwa. Ni yeye peke yake, shule nzima. Sekondari ya wasichana, Musoma, aripoti baada ya wiki tatu na godoro na ndoo. Tukaitwa ghalani mchana uleule. Nilidhani tunakwenda kuimba. Lakini nilipofika nje, kabla sijaingia, nilimsikia Nyasatu anaongea nyuma ya ghala na Magesa, kijana wa shemeji yake, ambaye wakati huo ndevu zilikuwa hazijamjaa. Magesa alikuwa anasema, "Mama, wewe unazeeka. Akienda Musoma hatarudi. Nyumba yako itasimamishwa na nani? Ng'ombe zile zilitolewa ili awe mwalimu wa watoto wa watu?" Nyasatu akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Nataka nisikie mtoto analia ndani ya ile nyumba kabla sijafa." Niliingia ndani nikakaa kwenye gunia langu. Sikumwambia mtu.

Ndani walikuwa wameshaanza. "Akienda nani atasaga?" "Tutasaga wenyewe, kwani zamani tulikuwa tunasagiwa?" "Wewe una binti wakubwa, nyamaza." "Lakini si tulimtoa kwa Machota ili asome?" "Tulimtoa kwa ng'ombe. Machota amekwisha kula ng'ombe. Akitoroka na mwanaume huko mjini, utamdai nani?" Bi Perpetua alisimama katikati, mkononi barua, anageuka huku na huku kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. "Akina mama," alisema, "mwanamke si mali!" Na hapo mmoja wetu, marehemu sasa, akamjibu bila hasira yoyote, kama anamsaidia, "Huyu si mwanamke, dada. Huyu ni mke wetu." Watu hawakucheka. Walitikisa vichwa kwamba kweli.

Nyasatu akasema tupige kura, ndivyo tulivyofundishwa. Nyangeta alikuwa kwenye meza ya karani, daftari wazi. Wanaotaka aende, wakanyoosha mikono: wanne. Sabina alikuwemo, na namwombea kwa hilo mpaka leo. Wanaotaka abaki. Mikono ikapanda, nikaihesabu, ilikuwa imeshafika sita. Mkono wangu haukuhitajika. Ningeweza kuuacha mapajani, nikasema baadaye nilikuwa namnyonyesha mtoto, na hakuna ambaye angeniuliza. Nikaunyoosha. Nimejiuliza kwa nini kwa zaidi ya miaka hamsini na majibu ni yaleyale. Alhamisi yangu. Mama mkwe wangu, aliyeanza kunisifu kwa unga. Na darasa langu la pili. Nilimtazama mtoto wa Machota anayekwenda kukaa juu ya mawe ziwani na sketi, nami nimebaki na magoti haya, na moyo wangu ukasema hapana. Nyangeta aliinua uso, akahesabu mikono kwa kalamu, mmoja mmoja, pamoja na wangu. Akaandika. Akasimama, akasoma matokeo kwa sauti, kama alivyofundishwa: kura za kwenda nne, kura za kubaki saba. Kisha akafunga daftari, akaliweka mbele ya Nyasatu, na sikumwona tena ameshika kalamu.

Kikundi hakikufika msimu mwingine. Bi Perpetua alihamishwa, au aliomba kuhama, sijui. Magesa na wazee wakamtafutia Nyangeta mwanaume, naye akazaa, Wegesa kwanza, halafu vijana wawili, wote wakaitwa wa Nyasatu. Nyasatu alikisikia kilio cha mtoto ndani ya nyumba yake nyeupe na akafa ameridhika. Ukoo ukachukua vijana. Nyangeta akachukua Wegesa, akaenda Butiama, akaanza kuuza dagaa. Mashine ya kusaga ililetwa na tajiri mmoja miaka mingi baadaye, na wanawake wakapanga foleni wakalipa. Mara moja tulikutana sokoni Bunda. Tulikuwa tumeshazeeka wote. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Nyangeta, nisamehe ule mkono wangu." Akanitazama kwa macho yaleyale ya kusahihisha. "Niliandika saba," alisema. "Sikuandika majina." Akarudi kupima dagaa. Sijui hadi leo kama alinisamehe au alininyima.

Basi ndivyo nilivyofika Butiama mwezi uliopita, Neema amenishika kiwiko. Wazee walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai. Aliyekuwa anasemea ukoo ni Magesa, sasa mzee mwenye fimbo, na nyuma yake wamesimama vijana wawili wa Nyangeta, wanaume wa makamo wenye sura ya mama yao. Neema aliongea kwanza, vizuri sana, kuhusu haki na matakwa ya marehemu. Magesa alimsikiliza kwa adabu. "Mjukuu wangu," alisema, "kuna karatasi marehemu aliandika?" Hakukuwa na karatasi. Yule aliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko kijiji kizima hakuacha hata mstari mmoja. "Basi tumwulize mwenye mke," alisema Magesa. "Yupo. Shikamoo mama Wakuru. Sisi hatuna ugomvi na mtu. Kama mahari ilirudishwa, marehemu ni wa hapa. Kama haikurudishwa, ni wa kwetu. Wewe peke yako ndiye unayejua, maana mimi sikuwa mwanakikundi. Ng'ombe zilitoka?"

Wegesa alikuwa amekaa kwenye mkeka wa wanawake, ananitazama bila kupepesa. Neema akainama sikioni mwangu. "Bibi, sema zilirudi. Nyasatu alirudishiwa kabla hajafa. Nani atabisha?" Na kweli, nani angebisha? Wote wamekufa. Lilikuwa neno moja tu. Nami nilikuja kulisema, naapa nilikuja kwa ajili hiyo. Lakini walinitazama wazee wale, wanaume kama ishirini, wakinisubiri mimi, mwanamke wa darasa la pili. Na mmoja wao, kijana kidogo, akasema pembeni kwa kicheko, "Wanawake wangetoa wapi ng'ombe tisa?"

"Zilitoka!" nilisema. Nilisimama bila kushikwa. "Tena ng'ombe wazuri, si vikondefu. Niliwaswaga mimi mwenyewe kwa mkono huu hadi kwa Machota, na hakuna aliyetusaidia. Tisa. Hakurudi hata mmoja." Sauti yangu ilifika barabarani. Kijana yule akainamisha kichwa, na kwa muda wa kumeza mate nilijisikia mkubwa. Halafu nikamwona Magesa anajifuta jasho, taratibu, kama mtu aliyetua mzigo. "Asante, mama," alisema. "Umesema kweli." Nikaanza kusema kwamba mimi kama mume ninamwachia, azikwe hapahapa, nimemwachia tangu zamani. Magesa akanisikiliza hadi mwisho. "Mume anamwacha mke akiwa hai, mama," alisema. "Maiti haiachwi."

Walimpakia saa saba mchana. Vijana wake wenyewe ndio walioshika jeneza upande wa mbele. Wegesa alipita karibu yangu, hakunitukana, hakunisalimu. Neema alitazama dirishani njia yote hadi Mugeta, na mpaka leo hajaniuliza tena harakati zilianzaje. Kule nyumba ya Nyasatu ilishaanguka zamani, umebaki msingi, na kaburi walikuwa wamekwisha kulichimba pembeni yake kabla hata hawajaja Butiama. Padri alipomaliza, Magesa aliniita mbele ya watu wote, mbele ya vijana na mbele ya ukoo, kwa heshima kubwa, akaniwekea koleo mkononi. Alisema mume ndiye anayeanza. Nikaanza.